NGO, bodi ya wadhamini, jumuiya au kikundi: usajili upi ukitaka fedha za CSR (zile ambazo kampuni hutoa kwa ajili ya jamii)?

Vikundi vingi huanza na swali la "tujisajili wapi ili kampuni zitusaidie?" Halafu wanachama wanachanga, wanaandika katiba, wanafuatilia mihuri miezi kadhaa, na cheti kinatundikwa ukutani. Barua ya kwanza inakwenda benki au kampuni ya simu, na jibu linarudi na masharti ambayo cheti kile hakiyagusi: hesabu zilizokaguliwa, akaunti yenye jina la taasisi, barua ya TRA (Mamlaka ya Mapato) inayoitambua kama taasisi ya hisani.

Kwa hiyo nalinganisha njia za usajili Tanzania Bara kwa kumtazama mtu mmoja tu, mhasibu wa kampuni itakayotoa fedha. Ofisa uhusiano anaweza kuguswa na picha za watoto, lakini mhasibu ndiye atakayeulizwa mwisho wa mwaka zile milioni zilikwenda wapi na kwa karatasi gani.

Kwanza, 2% mbili zinazochanganywa

Ukitafuta mtandaoni namna ya kusajili taasisi ya hisani ili ipate fedha za CSR, utakutana na fomu CSR-1, cheti cha 12A na cheti cha 80G. Hizo zote ni za India. Kule Sheria ya Makampuni ya 2013 inailazimisha kampuni iliyofikia ukubwa fulani kutumia 2% ya wastani wa faida yake ya miaka 3 iliyopita kwa kazi za jamii, na tangu Aprili 2021 asasi inayopokea fedha hizo lazima iwe imejisajili kwa fomu hiyo. Ukiona mtu anakuuzia "usajili wa CSR" hapa Dar es Salaam, muulize ni ofisi gani inayoutoa.

Kwetu hakuna sheria ya jumla inayoilazimisha kila kampuni kutoa. Kuna 2% nyingine, na inafanya kazi kinyume. Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 inairuhusu kampuni kupunguza kwenye hesabu zake mchango iliotoa kwa taasisi ya hisani au mradi wa maendeleo ya jamii, mradi kiasi hicho kisizidi 2% ya mapato yake ya biashara, yaani faida kabla ya kuondoa mchango huo, si mauzo. Ya India ni sakafu, yetu ni dari.

Tuichukulie kampuni yenye mapato ya biashara ya Sh bilioni 3. Dari yake ni Sh milioni 60. Ikitoa milioni 50 kwa taasisi inayokubalika na TRA, kiasi chote kinapunguzwa, na kwa kodi ya kampuni ya 30% inaokoa milioni 15. Ikitoa milioni 50 hizo hizo kwa asasi isiyokubalika, TRA itazirudisha kwenye mapato na kampuni italipa kodi kana kwamba haikutoa kitu. Hapo mhasibu ndipo anapokunja uso, hata kama andiko lenu ni zuri namna gani.

Taasisi "inayokubalika" si kila iliyosajiliwa. Msajili anakupa uhai wa kisheria, ila hadhi ya hisani kwa ajili ya kodi inatolewa na Kamishna wa TRA kwa uamuzi maalumu wa maandishi unaouomba mwenyewe. Sheria imetaja malengo yanayohusika: kuondoa umaskini au dhiki ya umma, kuendeleza elimu, na kuhudumia umma kwa afya, elimu, maji, na ujenzi au matengenezo ya barabara. Taasisi iwe ya umma kwa tabia yake na ifanye kazi hizo tu. Asasi ya utetezi wa haki au ya sanaa inaweza kusajiliwa vizuri kabisa na bado ikakwama hapa. Wanaoandika katiba hawalijui hili, wanajaza malengo 17 kuanzia mazingira hadi ujasiriamali, kisha wanashangaa TRA inapouliza hisani iko wapi. Malengo machache yaliyoshikamana yanawasaidia zaidi.

Na hata uamuzi huo ukipatikana, si msamaha wa kila kitu. Fedha mliyoitumia kwa lengo la hisani inaondolewa kwenye hesabu ya kodi, lakini iliyolala bila kutumika inaweza kutozwa. Ritani zinawasilishwa, kodi ya mishahara inakatwa, na kodi ya zuio mnaikata mnapowalipa watoa huduma.

Njia zenyewe, kwa jicho la kampuni

| Njia | Ofisi | Inafaa nani | Mhasibu wa kampuni ataionaje |
|---|---|---|---|
| NGO | Msajili wa NGOs, Wizara ya Maendeleo ya Jamii | Asasi yenye miradi endelevu | Anaifahamu. Atauliza hesabu na barua ya TRA |
| Bodi ya wadhamini | RITA (Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini) | Mali, ardhi, mfuko wa muda mrefu | Anaiheshimu. Atataka kuona hati ya udhamini |
| Jumuiya | Msajili wa Jumuiya, Mambo ya Ndani | Dini, vyama vya wanachama | Atasita, hasa kwa shughuli za ibada |
| Kikundi | Halmashauri, kwa Afisa Maendeleo ya Jamii | Wanaoanza, mradi wa mtaa au kijiji | Vifaa sawa. Fedha taslimu, vigumu |

Sijaiweka kampuni yenye ukomo wa dhamana (isiyo na hisa) inayosajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, na si kwa kusahau. Zamani watu wengi waliipenda kwa sababu ilikuwa ya haraka na haikuwa na maswali mengi. Marekebisho ya sheria ya 2019 yaliibana njia hiyo: kazi za kijamii zikarudishwa kwa Msajili wa NGOs, BRELA ikabaki na biashara. Wakala anayewaambia mpitie huko kwa kazi ya hisani anawarudisha kwenye mambo yaliyokwisha.

NGO: mzigo mzito, mlango mpana

Sheria yake ni Na. 24 ya 2002, iliyorekebishwa 2005 na 2019. Maombi yanafanyika kwa mtandao, lakini safari inaanzia chini: katiba, muhtasari wa kikao cha waanzilishi wenye majina na saini, wasifu wa viongozi, na barua ya utambulisho. Maafisa maendeleo ya jamii wa mkoa na wilaya ndio wasajili wasaidizi. Mfuateni wa kwenu mapema, mkae naye, aielewe kazi yenu. Ndiye atakayepigiwa simu kampuni ikitaka kujua kama mpo kweli.

Chagueni ngazi kwa uangalifu. Kuna wilaya, mkoa, taifa na kimataifa. Ngazi ya wilaya inawabana ndani ya wilaya hiyo, na kampuni nyingi kubwa zina matawi nchi nzima na hupenda mradi unaoonekana mikoa mitatu minne. Ila kama kazi yenu ni kituo kimoja cha watoto wenye usonji Morogoro, msijitwishe ngazi ya taifa kwa ajili ya jina kwenye barua.

Cheti, tangu 2019, ni cha miaka 10 kisha kinahuishwa. Katikati kuna ada na taarifa za kila mwaka, na hapo ndipo asasi nyingi zinapofia. Kampuni makini haitaangalia tarehe ya cheti tu, itauliza kama mmelipa ada na kuwasilisha taarifa. Cheti cha 2021 chenye madeni ya miaka mitatu kinawaharibia kuliko kusema kweli kwamba bado hamjasajiliwa.

Kanuni za 2018 ziliongeza jambo linalowashtua wengi wanapofanikiwa: mkataba na mfadhili unaozidi Sh milioni 20 unapelekwa Hazina na kwa Msajili ndani ya siku 10 tangu kusainiwa. Kampuni ikiwapa milioni 25 kwa mbwembwe na mfano wa hundi mbele ya kamera, siku hizo zinahesabika tangu kalamu ilipogusa karatasi. Mwekeni mtu mmoja wa kufuatilia hilo, na asiwe yule mwenyekiti anayesafiri kila wiki.

Pamoja na mzigo wote huo, kwa kikundi kinachotaka fedha, si vifaa tu, na kinachotaka kuzipata mwaka hadi mwaka, naona hii ndiyo njia. Karatasi zinazotoka kwa Msajili ndizo ambazo mifuko ya misaada ya kampuni imezoea kuzipokea. Vodacom, CRDB na NMB, kila moja ina taasisi yake ya kutoa misaada, na taasisi hizo zinasoma maombi kama mfadhili yeyote wa kimataifa anavyosoma.

Bodi ya wadhamini: kwa wenye kitu cha kutunza

RITA inawasajili wadhamini chini ya sheria ya 1956. Wakishasajiliwa wanakuwa mtu kisheria mwenye lakiri yake, wanaweza kumiliki ardhi, kushtaki na kushtakiwa, na mmoja akifariki mali haigawanywi na warithi wake. Hicho cha mwisho ndicho kiini. Mzee ametoa kiwanja cha zahanati, familia inataka mfuko wa kusomesha watoto kwa jina la marehemu, wahitimu wa shule wamechanga wajenge bweni: hapo udhamini unakaa vizuri kuliko NGO.

Kwa fedha za kampuni una sifa moja na kasoro moja. Sifa ni utulivu, kwa kuwa hakuna mkutano mkuu wa wanachama wa kupindua uongozi kila baada ya miaka mitatu, na kampuni inayotaka kuweka fedha za ufadhili wa masomo kwa miaka 10 inalipenda hilo. Kasoro ni kwamba wadhamini wakiwa mume, mke na shemeji, mhasibu atafunga faili. Wekeni watu wasio ndugu, angalau mmoja anayejua hesabu, na muandike kwenye hati nani ananufaika. Hati ikisema "ukoo wetu", hiyo si hisani kwa umma na TRA haitawapa ile barua.

Kuna pia wanaosajili udhamini kwa kukwepa masharti ya NGO huku wakiendesha miradi, semina na kampeni mikoani kama NGO kamili. Siwashauri. Kazi ikifanana na ya NGO, siku moja mtu ataiuliza.

Jumuiya na kikundi

Jumuiya, chini ya sheria ya 1954, sitaikawilia. Inawafaa waumini na vyama vya wanachama kama vya kufa na kuzikana. Kampuni haitatoa kwa urahisi fedha za kujenga nyumba ya ibada, na mifuko mingi imeliandika hilo wazi kwenye sera zake. Taasisi za dini zenye hospitali au shule hufanya vyema kuiombea hospitali yenyewe, kwa akaunti yake na hesabu zake.

Kikundi cha halmashauri kinadharauliwa bila sababu. Ni cha haraka, gharama yake ndogo, na kinafungua mikopo ya 10% ya mapato ya ndani ya halmashauri iliyotengwa kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kwa CSR kinafaa pale msaada unapokuja kama vifaa: cherehani, tangi la maji, miche. Meneja wa tawi la benki anaweza kuja na gari, akakabidhi, picha ikapigwa, karatasi ya makabidhiano ikasainiwa na afisa maendeleo. Kinachokishinda ni fedha kubwa kuingia kwenye akaunti yake, na barua ya TRA. Kitumieni miaka miwili ya kwanza, mjenge daftari la hesabu na picha za kazi, ndipo mwende kwa Msajili mkiwa na cha kuonyesha.

Na wasiohitaji usajili wowote

Nimeona watu wakihangaika kuanzisha asasi kwa sababu moja tu: shule ya kijiji chao haina madawati. Shule hiyo ni ya umma, ina mwalimu mkuu, kamati ya shule na mkurugenzi wa halmashauri. NMB, ambayo hutangaza kutenga 1% ya faida yake baada ya kodi kwa jamii, imegawa madawati, mabati na vitanda vya hospitali kwa miaka mingi, na vitu hivyo huenda moja kwa moja kwenye shule na vituo vya afya vya serikali. Andikeni barua ya mwalimu mkuu, ipitishwe na mkurugenzi, muipeleke tawi la karibu. Asasi ya katikati itaongeza gharama na maswali.

Elimu ina mlango mwingine pia: Mfuko wa Elimu wa Taifa, unaosimamiwa na Mamlaka ya Elimu Tanzania kwa sheria ya 2001. Mchango wa kampuni unaopitia huko una nafuu yake ya kodi, kwa hiyo kampuni kubwa inayotaka kujenga mabweni wakati mwingine huona ni rahisi zaidi huko kuliko kwenu. Si lazima mshindane nao. Mnaweza kuipendekeza shule yenu.

Wachimbaji wakubwa wa madini wana utaratibu wao peke yao. Ni miongoni mwa sekta ambazo sheria imeamuru CSR: marekebisho ya 2017 ya Sheria ya Madini yanamtaka mwenye leseni aandae mpango wa kila mwaka na kukubaliana na halmashauri, na kanuni mahususi zilitoka 2023. Kwa hiyo asasi iliyo Geita, Tarime, Msalala au Kishapu inayosubiri getini kwa mgodi na bahasha ya andiko imekosea ofisi. Fedha zinapangwa halmashauri. Mradi wenu uibuliwe kijijini, upite kamati ya maendeleo ya kata, uingie kwenye orodha ya vipaumbele kabla mpango haujasainiwa. Diwani hapa ana uzito kuliko cheti. Misaada ya hiari ya migodi ipo pia, kama Kili Challenge ya Geita tangu 2002, ambayo wapandaji wa Kilimanjaro huchangisha fedha za mapambano dhidi ya VVU na Ukimwi, na asasi za eneo hilo la kazi zinaweza kuomba.

Tofautisheni pia msaada na matangazo. Idara ya masoko ikiwapa milioni 10 ili nembo yao ikae kwenye fulana za mbio zenu, kwao hiyo ni gharama ya biashara na haihitaji barua ya hisani. Lakini kwenu inaweza kuhesabiwa malipo ya huduma, na huduma hukatwa kodi ya zuio ya 5%. Someni mkataba kama unasema "mchango" au "huduma za matangazo" kabla ya kupanga bajeti ya milioni 10 kamili.

Nje ya Bara

Zanzibar ina sheria zake na ofisi yake ya Mrajis. Cheti cha Msajili wa Bara hakiwapi ruhusa ya kufanya kazi Unguja wala Pemba, na asasi zinazofanya kazi pande zote mbili hujisajili mara mbili.

Kenya mambo yamebadilika hivi karibuni. Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ya 2013 ilikaa kabatini zaidi ya muongo na kuanza kutumika 14 Mei 2024, ikachukua nafasi ya ile ya NGO ya 1990. Kampuni yenye ukomo wa dhamana bado ni njia hai huko, tofauti na kwetu, na vikundi vya kijamii vina sheria yao ya 2022 inayotaka wanachama wasiopungua 10. Msamaha wa kodi unaombwa KRA, mamlaka ya mapato ya huko, na hutolewa kwa muda maalumu, kisha unahuishwa.

Nikiulizwa nichague

Kikundi cha watu wanane wenye wazo na moyo, bila hesabu za mwaka hata mmoja: halmashauri, na kwa fedha yoyote inayozidi uwezo wao wajiegemeze kwa NGO iliyosajiliwa, kwa makubaliano ya maandishi yanayosema nani anashika fedha na nani anaripoti.

Asasi yenye mradi unaotembea, wahasibu wawili wa kujitolea na nia ya kuwa na wafadhili wa kampuni kila mwaka: NGO, ngazi inayolingana na kazi, malengo machache ya hisani kwenye katiba, TIN (namba ya mlipa kodi) na akaunti ya watia saini watatu mara cheti kikitoka, kisha ombi la uamuzi wa TRA mapema kabla ya barua ya kwanza kwa kampuni. Wengi huiacha TRA mwisho kwa kuiogopa. Mimi ningeiweka ya pili, kwa sababu barua hiyo ikiwa kiambatisho cha kwanza kwenye andiko lenu, mhasibu wa upande wa pili hana swali gumu la kuuliza.

Familia au wahitimu wenye kiwanja, jengo au mfuko: RITA, wadhamini mchanganyiko, na mkaguzi wa hesabu tangu mwaka wa kwanza hata kama kilichopo ni milioni nne.

Shule au zahanati ya umma inayotaka vitu: hakuna usajili. Barua, mhuri wa mkurugenzi, na nukuu za bei kutoka kwa mafundi wawili, kwa sababu meneja wa tawi atahitaji kiasi halisi cha kuombea idhini makao makuu. Na ipelekeni mapema katika mwaka wa fedha wa kampuni, ambao kwa benki zetu unaanza Januari. Barua ya Novemba hukuta bajeti imeshagawanywa.